Nilimwambia wifi awaache dagaa nje, ziwa lilikuwa jeupe: mvua ya Jumanne hapa Mwanza

FundiKibarazani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Umeme umerudi sasa hivi na mikono yangu bado inanuka kitenge kilicholowa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kwenye kibaraza cha nyumba ya zamani katikati ya mji. Juu tuna bati, nyuma tuna ukuta, pande zilizobaki ziko wazi, na jioni tunashusha turubai. Mbele yetu kuna maghorofa mawili yaliyoachiana mwanya, na kwenye mwanya huo ziwa linaonekana, kipande chembamba kama khanga iliyoanikwa. Ni mwaka wa tisa sasa nasoma hali ya hewa kwenye kipande hicho. Kikiwa cheupe natandaza vitambaa, kikiwa cheusi nakunja.

Jumanne joto lilianza mapema, lile joto la Novemba linalokaa kifuani. Sindano ilikuwa inateleza vidoleni kwa jasho. Tulikuwa na sare za kwaya, magauni 24 ya satini nyeupe yenye kola ya kitenge chekundu, na wenyewe walitaka kuyachukua Ijumaa. Magauni 17 yalikuwa tayari, yamening'inia kwenye kamba. Mengine 7 yalikuwa yamekatwa tu, vipande viko juu ya meza, na kitenge kimekunjwa pembeni yake.

Saa 7 na robo wifi yangu akapiga simu. Yeye yuko Igombe, kazi yake kuanika dagaa. Usiku wa kuamkia Jumanne giza lilikuwa zuri, hakuna mbalamwezi, wavuvi walirudi na mzigo, naye akanunua ndoo 22 kwa mkopo wa kikoba. Dagaa walikuwa mchangani juu ya nyavu tangu asubuhi. Mtoto wake alikuwa na homa.

Akaniuliza, "Wifi, huko mjini kukoje? Nimkimbize mtoto zahanati hawa dagaa niwaache nje, au niwakusanye kwanza?"

Nikageuza shingo nikatazama kipande changu cha ziwa. Maji yanameta, anga juu yake haina doa. Nikamjibu, "Ziwa jeupe wifi, nenda. Ukirudi utawakuta wamekauka."

Nyuma yangu sikutazama. Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka saa hizi.

Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa mama lishe wa jirani yetu. Mchana kutwa moshi wa jiko lake huwa unakuja kwetu, kwa sababu upepo wa mchana hutoka ziwani, na tumeshagombana naye sana kwa ajili ya moshi huo kuingia kwenye nguo za watu. Kwenye saa 8 na nusu moshi ulisimama wima. Ukakaa hivyo kidogo, halafu ukainama kuelekea ziwani. Mama akaacha mwiko kwenye sufuria ya maharage, akatoka barabarani, akatazama juu. Akasema, "Upepo umegeuka. Toeni vitu vyenu chini."

Hapo hapo ikaja baridi. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa chumba cha barafu nyuma ya migongo yetu. Nikageuka. Nyuma ya kilima cha Bugando anga lilikuwa jeusi lenye rangi ya kijani kibichi ndani yake, na chini ya weusi ule kulikuwa na pazia jeupe linalotembea. Nikarudi kutazama ziwa: bado linameta.

Matone ya kwanza yalikuwa machache na mazito, unayasikia moja moja kwenye bati. Sikuwahi hata kushusha turubai. Ikamwagika yote kwa mara moja, mvua ya upepo, inaingia ubavuni. Kijana mmoja anayeuza mitumba mbele yetu alikuwa ameng'ang'ania mwavuli wake mkubwa, amekumbatia mlingoti wa chuma kwa mikono miwili, na upepo unamburuta na mwavuli wake. Tukampigia kelele auachie. Hakutaka, chini ya mwavuli ule ndiko mtaji wake wote uliko. Mama lishe akatoka kwenye mvua akamshika kiunoni, akamvuta kama anavyovuta gunia la mkaa. Mwavuli ukaenda zake. Hawajamaliza hata kupanda ngazi za kibaraza, mwanga ukapiga na mlio ukapiga pamoja, hapakuwa na nafasi ya kuhesabu hata moja. Radi ilipiga mti ulio nyuma ya duka la pili. Nilisikia ladha ya chuma mdomoni. Yule kijana alikaa sakafuni akawa anatazama viganja vyake.

Bibi mwenye nyumba alikuwa anapaza sauti kutoka ndani, "Funikeni kioo! Na hicho chekundu kitoeni!" Mwanafunzi wangu akafunika kioo cha kupimia kwa khanga. Mimi nilirukia kitenge chekundu nikakibeba, na katika kukibeba nikaiyumbisha meza. Mtaro ulikuwa umeshajaa, chupa za plastiki zimeuziba, maji yamepanda kibarazani yakiwa na rangi ya chai. Vipande vya satini vikaanguka humo, kitenge kikaanguka juu yake. Nilivyoviokota, wekundu ulikuwa umeshaanza kutambaa kwenye weupe, pole pole, nauona kwa macho yangu unavyokwenda uzi kwa uzi.

Umeme ulikatika. Mvua ilikaa dakika 40 hivi. Tulisimama ukutani watu kumi na mmoja, tumebanana na cherehani juu ya benchi, hakuna anayesikia mwenzake kwa kelele za bati.

Wifi nilimpata saa 11 jioni. Alikuwa zahanati mvua ilipofika Igombe. Aliporudi nyavu zilikuwa zimezikwa mchangani na dagaa wamegeuka uji. Hakunilaumu. Alisema tu, "Hata huku ziwa lilikuwa jeupe, wifi."

Swali langu kwenu wakuu. Mvua ile ilitoka wapi, na kulikuwa na namna ya kuijua mapema?

---

BodaBuzuruga

Pole sana dada yangu, na wifi yako mpe pole.

Nitasema ukweli ingawa unaniuma. Mimi niliiona. Saa 7 na nusu nilikuwa Igoma nimepeleka abiria, na wingu lilikuwa limekaa juu ya Kisesa, upande wa bara mashariki mwa mji, kama mlima mwingine umeota. Juu kabisa lilikuwa limetanuka, bapa, jeupe kama ua la koliflawa, tumboni jeusi. Radi ilikuwa inamulika ndani yake bila sauti. Wenzangu kijiweni wakasema hiyo inakuja mjini, kila mtu akavaa koti.

Nikashuka mjini na abiria mwingine. Njia nzima Nyakato mpaka Mabatini watu wanakunja vitu. Nikafika mjini kati, jua kali, watu wametandaza nguo, hakuna mwenye habari. Nikamshusha abiria nikachukua hela yangu, sikumwambia mtu. Kwa nini sikusema? Nilidhani kila mtu anaona ninachoona mimi. Kumbe ninyi vilima vinawaziba, na macho yenu yako ziwani.

---

AbiriaWaMchana

Mimi ilinikuta kwenye daladala tukiwa Mabatini. Wenyeji mnaujua Mto Mirongo, siku za kawaida mtoto anauruka. Maji yalianza kupita juu ya barabara, dereva akasimama. Nyuma yetu magari, mbele maji. Konda akafungua mlango akasema anayetaka ashuke avuke kwa miguu, ni hatua chache tu.

Vijana wawili wakainuka. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa kiti cha mbele na kikapu cha mihogo, akanyoosha fimbo akaziba mlango. Akasema kwa upole, "Wanangu, haya maji hamuyaoni miguu yake." Vijana wakakaa. Kama dakika tano baadaye tukaona pipa la bati, lile la lita 200, linapita mbele ya gari linabingirika kama kopo. Halafu likaja jiwe. Mnajua mawe yetu ya Mwanza, mvua ikichimba udongo chini yake linaanza safari. Lilikuwa na ukubwa wa tangi dogo la maji, likasimama ukingoni.

Nilichelewa kazini kwa saa mbili na nusu nikakatwa siku nzima. Sijali. Yule mzee alishukia kituo cha Mlango Mmoja, sikupata hata kumuuliza jina.

---

MwalimuWaRamani

Dada Fundi, umeuliza swali zuri na nitalijibu kadiri ninavyofundisha darasani.

Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800. Eneo la namna hiyo linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana jua likiwaka, nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi kidogo inakuja kujaza nafasi. Huo ndio upepo unaokuletea moshi wa mama lishe. Sasa hewa hiyo ya ziwani imebeba unyevu. Inasafiri kuingia bara, inakutana na upepo unaotoka mashariki, inakutana na vilima, inasukumwa juu. Ikifika juu inapoa, mvuke unakuwa maji na barafu, wingu linajengeka. Kwa hiyo mchana mawingu ya radi hujijenga zaidi bara, na juu ya ziwa lenyewe anga huwa safi. Ziwa lako lilikuwa jeupe kwa sababu hewa yake yote ilikuwa imeshaenda kujenga mvua nyuma yako.

Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji hayapoi haraka. Upepo unatoka bara pande zote na kukutana katikati ya ziwa, hewa inapanda pale. Ndiyo maana radi za ziwani huwa za usiku na alfajiri. Si sheria ya kila siku, ipo mvua ya mchana inayotoka ziwani, lakini mkondo wa kawaida ndio huo: alfajiri tazama ziwa, mchana tazama bara.

Na ule moshi. Mvua inaposhuka ndani ya wingu inaipoza hewa, hewa hiyo inakuwa nzito, inaanguka mpaka chini na kusambaa mbele ya mvua yenyewe. Ilipofika kwenu ikausimamisha upepo wa ziwa, kisha ikaushinda. Baridi mliyoisikia mgongoni ni hewa iliyotoka juu sana muda mfupi uliopita. Moshi ukigeuka namna ile mna dakika chache, tano au kumi, wakati mwingine hata tano hazifiki. Huyo mama amefanya kazi ya mtaalamu.

Kuhusu maji: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba. Bati la mita za mraba 100 likipata milimita 50, hizo ni lita 5,000 kutoka kwenye paa moja. Chukua mapaa yote ya Igogo, Isamilo na Mabatini, yaliyojengwa juu ya miamba isiyonywa maji, yote yanateremka bondeni kwa wakati mmoja. Mtaro wenye chupa hauwezi. Hata ukisafishwa, mingine ni midogo kwa kazi hiyo.

Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mlio. Gawa kwa tatu, unapata kilomita. Ikiwa sekunde hazifiki 30, ingia kwenye jengo la kudumu au gari lenye bodi ya chuma, ufunge vioo. Mlio wa mwisho ukipita, subiri dakika 30 kabla ya kutoka. Kibaraza kilicho wazi si mahali salama, dada, nakuambia kwa nia njema. Ingieni ndani kwa bibi.

---

MamaWaTatu

Mwalimu, na kioo je? Na nguo nyekundu? Mama yangu alikuwa anafunika hata televisheni. Mwanangu ana sweta jekundu la shule na mvua ikianza nje analia nimvue.

---

MwalimuWaRamani

Mama, kioo hakiiti radi, na rangi haiiti radi. Mvalishe mtoto sweta lake asipate baridi. Radi inatafuta njia ya kwenda ardhini, hupenda kilicho kirefu na kilichojitenga: mti, mlingoti, mtu aliyesimama peke yake uwanjani, mtumbwi katikati ya maji. Kikipigwa kitu kilicho karibu nawe, umeme unaweza kukurukia au kukufuata kwa chini. Ndiyo maana chini ya mti ni pabaya kuliko mvuani.

Bibi na mama yako nawaheshimu. Kufunika kioo hakukuua mtu, na kuliwafanya watu waingie ndani wakae. Ninachokipinga ni kile kinachofuata, pale radi inapoua halafu anatafutwa jirani aliyeituma.

Nina sababu ya kulisema kwa uzito. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule ya msingi mkoani Geita. Januari 2025 ikaua wanafunzi 7 wa sekondari wilayani Bukombe, mkoa huo huo. Watoto waliokuwa shuleni kwao, siku ya masomo. Mimi niko darasani kila siku, paa letu halina fimbo ya kukingia radi, na mvua ikianza sasa nawaondoa watoto dirishani na kwenye nguzo, nawakalisha katikati, miguu pamoja. Ndicho ninachoweza kwa sasa.

---

MvuviKayenze

Salaam wote. Mimi nimevua dagaa tangu enzi za karabai, sasa tunatumia taa za sola. Naomba niongeze la upande wetu.

Hiyo mvua yenu ya mchana sisi huwa tunaihesabu kwa ajili ya usiku. Bara ikinguruma sana jioni, wazee walitufundisha tusiende mbali. Mwalimu atuambie kama kitabu kinakubali, sisi tunajua kwa kuzika. Jumanne jioni niliisikia Kisesa inavyolia, nikawaambia vijana wangu leo tunalala nchi kavu. Walininunia. Giza zuri namna ile unaliacha? Kwenye saa 9 usiku niliamka kujisaidia nikaona upande wa Ukerewe anga linafunguka na kufunga, linafunguka na kufunga, bila kupumzika. Nikawaamsha waone. Hakuna aliyesema neno, tukarudi kulala.

Ndani ya mtumbwi hakuna pa kuingia. Unafunga kila kitu, unashusha taa, unalala chini na wenzako, unaelekeza omo, yaani pua ya mtumbwi, kwenye wimbi na kuomba. Upepo wa kwanza ndio unaoua, ule wa baridi kabla ya mvua. Ukishaupita huo una nafasi.

Dada, wifi yako mwambie ajitahidi apate vichanja. Dagaa wa mchangani ukinyeshewa umepoteza. Wa kwenye kichanja maji yanapita chini, unaweza kutupia turubai juu kwa dakika mbili, na mchanga hawali.

---

MwalimuWaRamani

Mzee wetu, kitabu kinakubali. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliotumia picha za satelaiti, na ulichokionyesha ndicho ulichokisema wewe: ukali wa radi za mchana bara unaashiria ukali wa dhoruba za usiku juu ya ziwa. Ulitumika kufikiria namna ya kuwaonya wavuvi. Hapa Mwanza TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wana rada, na hutoa utabiri wa ziwani pia. Sikilizeni kituo cha redio kinachosoma utabiri huo, na mkiusikia msiubishie kwa sababu anga ni jeupe.

---

KageraDamu

Niko Bukoba. Kwetu ni kinyume cha kwenu, mvua inatuamsha. Pepo za mashariki zinatuletea mawingu yaliyolala ziwani, ndiyo maana tunapata karibu mara mbili ya mvua ya Mwanza kwa mwaka. Tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa asubuhi namna hiyo. Ndege ilikuja kutua ikaishia majini, karibu sana na uwanja. Watu 43 walikuwamo, 19 walikufa. Wavuvi ndio waliofika wa kwanza kwa mitumbwi na makasia. Tangu hapo ikinguruma asubuhi mimi huwa siwashi redio, nasimama mlangoni tu nasikiliza.

Poleni ndugu zetu wa Mwanza.

---

FundiKibarazani (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimesoma kila neno, mengine nimewasomea mwanafunzi wangu na mama lishe. Mama alifurahi sana kuitwa mtaalamu. Ameniambia yeye hujifunza kwa moshi tangu akiwa binti, mama yake alikuwa anakausha samaki kwa moshi huko Sengerema, na moshi ukigeuka ghafla walikuwa wanaitana kutoka mashambani.

Mrejesho. Satini nilijaribu kuiloweka kwenye maji baridi na chumvi, nikafua mara tatu. Wekundu ulipungua ukabaki wa waridi, kama shavu la mtoto mchanga mwenye homa. Nikamwita mwenyekiti wa kwaya, mama mtu mzima, nikamwekea vipande mbele yake nikamweleza kila kitu, hata habari za wifi yangu. Alivigeuza geuza dirishani bila kusema. Mwisho akauliza, "Haya madoa yako chini au juu?" Mengi yalikuwa chini, kwenye pindo. Akasema, "Weka kitenge chini, magauni yote 24. Watu wataona ni mtindo, sisi tutajua ni mvua." Kitenge kingine alinunua yeye. Nimeshona usiku miwili kwa cherehani ya kukanyaga, na Ijumaa asubuhi wameyachukua.

Kijana wa mitumba, nguo zake tuliziokota mpaka mwisho wa mtaa. Nyingine zilikuwa zimeingia mtaroni. Zilizopatikana tulizifua sote kibarazani siku ya pili, tukazianika kwenye kamba zangu. Mwavuli haukuonekana. Sasa anatumia turubai kwa nguzo za mianzi, chuma hataki hata kukigusa.

Dagaa wa wifi walinunuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku, kwa bei ambayo siwezi kuiandika hapa. Deni la kikoba liko pale pale. Mtoto amepona, ilikuwa malaria. Nimempa wifi fedha yangu ya ufundi wa yale magauni akanunue nyavu za kichanja na miti. Alikataa, nikamwambia si msaada, ni deni langu, mimi ndiye niliyesema nenda. Akanyamaza muda mrefu kwenye simu, halafu akasema sawa, lakini kimoja cha vichanja kitakuwa chako, dagaa wa pale utakula wewe.

BodaBuzuruga, nakuomba unitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha.

---

BodaBuzuruga

Nimeshatuma dada. Mimi kila siku niko kati ya Igoma na mjini. Kisesa ikiwa nyeusi nitapiga hata kama nina abiria, nitasimama pembeni. Na vijana wa kijiwe nimewaambia, kila mmoja ana watu wake mjini.

---

FundiKibarazani (mwanzisha uzi)

Naweka hili la mwisho kwa waliokuwa wanauliza kwenye ujumbe wa faragha.

Leo Jumamosi saa 8 kasoro dakika 10 simu imelia. Sikusikia hata salamu, nimesikia tu, "Dada, Kisesa nyeusi." Nikatazama ziwa: jeupe, linameta. Nikampigia wifi papo hapo, nikampa maneno yale yale mawili. Akaita majirani zake, wakakunja nyavu zote za ule mstari wao, watu sita, dagaa wakaingia kwenye kibanda.

Huku mjini imenyesha saa 9, mvua ya kawaida, tuko ndani kwa bibi, kioo kimefunikwa kwa sababu ni nyumba yake. Igombe haikufika. Wifi amewatoa tena dagaa saa 10, jua limebaki kidogo. Ameniambia kesho nipige hivyo hivyo.